Namba Kumi ya Njia ya Kalembe

Emérita alibadilisha protokoli siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na hadi saa sita hapakuwa na kitu kilichoharibika. Hilo ndilo alilolikumbuka baadaye kuliko mengine yote: jinsi kazi ilivyokwenda vizuri.

Alikuwa fundi wa mtandao wa vituo vya afya vya kanisa, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la dawa pale Masisi. Mtandao wenyewe ulikuwa mlolongo wa antene zilizosimama juu ya vilima, kutoka Masisi kwenda magharibi hadi ndani ya msitu wa Walikale. Kila kilima kilikuwa na paneli za jua, batiri, redio ya kurusha mawimbi, na ruta, kile kisanduku kidogo kinachoamua ujumbe upite njia gani. Kwa mtandao huo wauguzi walipiga simu, walituma ripoti, walimwuliza daktari wa Masisi wafanye nini na mgonjwa aliyekuwa mbele yao. Simu za kawaida hazikushika huko. Wasingekuwa na antene hizo, wangekuwa bubu.

Tangu mwanzo ruta hizo zilizungumza kwa kanuni za zamani, protokoli inayoitwa RIP. Katika protokoli hiyo kila ruta inaamini inachoambiwa na jirani yake, na kipimo chake ni kuhesabu tu: njia yenye vilima vichache ndiyo nzuri. Hesabu inaishia kumi na tano. Kilima cha kumi na sita kinachukuliwa kuwa hakifikiki, hata kama antene yake unaiona kwa macho. Na kituo kipya cha Itebero, kule msituni, kilikuwa cha kumi na sita. Ndiyo sababu Emérita aliamua kuhamia protokoli nyingine, OSPF, ambayo kila ruta inashika ramani nzima ya mtandao, inapima upana wa kila njia, halafu inachagua yenyewe. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Hata leo hakuna anayesema haukuwa sahihi.

Aliyeujenga mtandao huo alikuwa mzee mmoja, Papa Athanase. Nguzo za kwanza alizipandisha vilimani kwa bega lake, mwaka ambao Emérita alikuwa bado katika shule ya msingi. Miezi miwili kabla ya Jumanne ile alipewa pensheni, naye Emérita akakalishwa kwenye kiti chake. Siku ya kuagana, watu wakiwa na soda mikononi, Athanase alisimama akasema, "Huyu mutoto anajua kitabu. Vilima, bado." Watu wakacheka. Emérita, aliyekuwa amesoma miaka mitano Bukavu na hakuwa mtoto, naye alicheka, kwa midomo tu.

Baadaye mzee akamvuta pembeni. "Mbele ya kubadilisha kitu, kuya kwangu Shasha siku moja. Kuko mambo yenye haikuandikwa."

"Sawa, Papa."

Hakwenda. Kutoka Masisi hadi Shasha, kijiji cha wavuvi kwenye barabara ya kwenda Minova, ni nusu siku kwa pikipiki, na wiki zile barabara ilikuwa nzuri. Athanase alimpigia simu mara mbili. Ya kwanza aliiacha ilie hadi ikanyamaza. Ya pili aliipokea, akasema kazi ni nyingi, atamtafuta.

Sasa, katika faili la Athanase kulikuwa na jambo moja lisiloeleweka. Kwenda Walikale kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilizunguka juu ya milima, yenye redio kuukuu na vituo vingi. Ya pili ilipita Kalembe, kijiji kilicho mpakani mwa Masisi na Walikale, ambako redio zilikuwa mpya na zenye kubeba mengi. Mtu yeyote angepitisha mambo yake Kalembe. Lakini Athanase alikuwa ameandika namba kumi kwenye njia hiyo, maana yake ruta zilidanganywa zihesabu kilima cha Kalembe kama vilima kumi, nazo zikakikwepa. Pembeni ya namba hiyo hakukuwa na maelezo. Kulikuwa na herufi A na tarehe.

Jumanne ile Édouard, mratibu wa mtandao, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Emérita na kikombe cha chai mkononi.

"Hii kumi iko ya nini?" aliuliza.

"Sijui. Pengine kosa ya zamani."

"Tumuulize Athanase?"

Emérita akakisikia tena kile kicheko cha siku ya soda. "Haina lazima, Papa Édouard. Mu protokoli ya mupya, hii namba haina kazi tena."

Ilikuwa kweli nusu. Protokoli mpya nayo ina namba zake. Angeweza kuipa njia ya Kalembe gharama kubwa, ikakwepwa vilevile kama zamani, na ingemchukua muda wa kuandika jina lake. Hakuiweka. Akaziacha ruta zichague, nazo, kama alivyojua, zikachagua Kalembe.

Asubuhi ya siku iliyofuata Jérémie, muuguzi wa Itebero, alipiga simu kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuja safi kama ya mtu aliyeketi chumba cha pili. Alikuwa na mwanamume mwenye kidonda cha mguu kilichokataa kupona, na zamani angetembea siku mbili kutafuta wa kumwuliza. Daktari alizungumza naye robo saa. Emérita alitoka nje akasimama uani peke yake, akiwa na furaha ambayo hakuwa na mtu wa kumpa.

Shida ilijitokeza wiki hiyohiyo. Kila siku saa tisa alasiri antene ya Kalembe ilizimika, na haikuwaka hadi asubuhi. Mzigo wote ulirudi kwenye njia ya milimani, na sauti ya Itebero ikawa inakatika kama mtu anayezama. Zamani hakuna aliyegundua, kwa kuwa hakuna kilichopita Kalembe. Emérita akampigia Mama Geneviève, muuguzi mkuu wa kituo cha Kalembe. Édouard alikuwepo, na simu ilikuwa kwenye kipaza sauti.

"Mama Geneviève, njo miye, Emérita wa Masisi. Antene ya kwenu inazimika kila saa tisa. Iko na shida gani?"

"Haina shida. Njo siye tunaizima."

"Munaizima juu ya nini?"

Édouard akakohoa.

"Umeme ya hapa iko na kazi ingine, dada."

"Kazi gani?"

"Papa Athanase njo anajua."

Jina lile lilimchoma. Akamtazama Édouard, naye Édouard akainua nyusi. Emérita akawaza taa, akawaza simu za watu zinazochajiwa, pengine televisheni ya mtu fulani. Mambo ya aina hiyo alikuwa ameyakuta vituo vingine.

"Papa Athanase hayuko tena," alisema. "Nilipiga hesabu, Mama. Batiri zinatosha mchana na usiku. Tafazali musizime."

"Ulipiga hesabu?"

"Ndiyo."

"Na mvua?"

"Na mvua."

"Basi," alisema Geneviève. "Kama wewe njo unasema."

Hesabu ilikuwa sawa. Paneli nne, batiri sita, redio, ruta, taa moja. Hicho ndicho kilichokuwa kwenye faili, na kwa hicho umeme ulitosha na kubaki.

Mvua zikaja. Barabara ikafungwa, kwanza kwa udongo ulioporomoka, kisha kwa watu wenye bunduki, na kwa wiki tano hakuna gari wala pikipiki iliyopita. Mtandao haukutetereka. Ni siku moja tu, Ijumaa, Kalembe ilipozimika mchana, na Emérita akatuma ujumbe bila salamu: "Kalembe, muwashe." Baada ya saa moja ikawaka. Édouard aliwaandikia wafadhili kwamba katika kipindi kigumu vituo vyote vilibaki hewani, na jina la Emérita lilikuwemo katika sentensi hiyo.

Ripoti za wauguzi zilipita kwenye mitambo yake kila Jumatatu. Yeye kazi yake ilikuwa kuzifikisha, hakuwa akizisoma. Baadaye sana alizifungua moja moja. Katika ripoti ya Kalembe ya wiki ya tatu ya mvua, mstari wa chanjo, Geneviève alikuwa ameandika neno moja: hakuna. Vituo vingi viliandika hivyo wakati ule. Barabara ilikuwa imefungwa, nani angeshangaa?

Wiki ya tisa habari ikaja kwamba Kalembe kuna surua. Barabara ilikuwa imefunguliwa, timu ya chanjo ikapanda gari, na Emérita akaomba nafasi, maana batiri za Kalembe zilikuwa zimeanza kutoa ishara ya kuchoka. Alisafiri na batiri mpya miguuni. Hakwenda kwa ajili ya watoto. Hilo nalo alikuja kulikumbuka.

Kituoni akina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi hadi barazani, na watoto wenye macho mekundu wamelala mapajani. Kulikuwa na kikohozi kila upande. Emérita alipita kando ya ukuta, aibu ikimshika bila kujua kwa nini, akaingia chumba cha dawa kilichopakana na sanduku la batiri. Ndani akakuta frigo nyeupe, jokofu la dawa, mlango wazi, tupu, kitambaa kimetandikwa chini kunyonya maji. Kutoka mgongoni mwake ulitoka waya mweusi. Emérita akaufuata kwa macho. Ulipanda ukuta, ukatoboa mbao, ukaingia kwenye batiri zake.

Alikuwa bado ameinua uso wakati Geneviève alipoingia akifuta mikono. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini, na ilionekana hajalala vizuri siku nyingi.

"Njo hii kazi ingine," alisema.

Emérita aliugusa ule waya.

"Frigo ya pétrole, ya mafuta ya taa, ilikufa miaka mbili imepita. Papa Athanase akatuletea hii, akaunganisha waya yeye mwenyewe. Mchana antene, kuanzia saa tisa frigo peke yake. Akasema, bafadhili hawapendi batiri ya mutandao ifanye kazi ingine. Bakijua, watakata. Tusiandike popote."

"Mama, juu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuambia nusu. Nilisikia mukubwa anakohoa pale karibu yako, nikaogopa." Akachukua kitambaa kile cha sakafuni, akakikamua kwenye ndoo. "Nilingoja upige tena ukiwa peke yako. Na miye ningepiga. Nilijiambia, huyu amesoma, amepiga hesabu, pengine batiri ni nzuri kuliko ginsi tunawaza."

Akaeleza yaliyobaki bila kuinua sauti. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo, jua halikutoka. Siku ya tatu, Ijumaa, alizima antene ili aokoe frigo. Ujumbe ukaja kutoka Masisi, akaiwasha. Asubuhi ya Jumapili alifungua frigo, hewa iliyotoka ndani ilikuwa ya kawaida, kama ya chumba. Kila chupa ya chanjo ina alama ndogo inayogeuka rangi ikipata joto. Alizitazama zote, moja baada ya nyingine. Alichimba shimo, akazimwaga. Jumanne iliyofuata ilikuwa siku ya chanjo, na akina mama walishuka kutoka vilimani wakiwa na watoto mgongoni.

"Nilibarudisha," alisema Geneviève. "Nilibapa chai, nikabarudisha."

"Na sasa ni wangapi?"

"Wenye walikufa? Batoto batano. Wawili ya hapa, watatu ya kule juu."

Emérita aliketi sakafuni, akaweka kompyuta magotini, akaipa njia ya Kalembe gharama kubwa. Njiani kote vilima vilipeana habari, na mzigo ukahamia milimani. Haikufika dakika moja. Kisha akanyanyuka akaizima redio kwa mkono wake. Akafunga batiri mpya, akaufunga mlango wa frigo, akabaki amesimama hadi mota yake ilipoanza kunguruma. Timu ilikuwa imeleta chanjo ndani ya masanduku ya barafu. Geneviève akaanza kuzipanga ndani.

Wiki iliyofuata ndipo Emérita alipokwenda Shasha. Athanase alikuwa na kibanda kando ya barabara ambako alichaji simu za wavuvi na wachuuzi. Alimsalimia, akamtolea kiti, na Emérita akamsimulia yote bila kujitetea, waya zikiwa zimening'inia kati yao. Alikuwa amejiandaa kwa maneno makali. Mzee aliendelea kutazama barabara.

"Nilipiga simu mara mbili," alisema mwishowe.

"Najua, Papa. Ile ya kwanza niliiona."

"Ningepiga ya tatu." Akapangusa uso kwa kiganja. "Nitakuambia ukweli. Nilikuwa na hasira. Miaka kumi na saba, halafu soda na kupeana mukono. Nikajiambia, muache aguse ile namba, ataanguka kidogo, atakuja mwenyewe kuniuliza. Kidogo tu. Nilisahau kwenye hiyo waya kuko nini."

"Haukusahau, Papa."

Athanase akasema, "Hapana. Sikusahau."

Hawakulaumiana tena. Alimkaangia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wakala wote wawili bila hamu, na saa nane Emérita akapanda pikipiki kurudi.

Kwa Édouard alikwenda siku hiyohiyo aliyofika. Alitarajia kufukuzwa, na njiani alikuwa karibu kulitamani hilo. Édouard alisikiliza hadi mwisho, kisha akawaandikia wafadhili barua ya ukurasa mmoja. Jibu lilikuja kabla ya mwezi kwisha: paneli mbili na batiri mbili kwa ajili ya frigo ya Kalembe, na swali, je, kuna vituo vingine vyenye shida kama hiyo?

"Mungeniambia," alisema Édouard. "Wewe, Athanase, yule mama. Kila mutu alikuwa ananiogopa?"

Emérita alichukua kutoka mezani nakala ya barua ya Édouard akaisoma tena. Ilikuwa na mistari kumi na miwili. Watu wazima watatu walikuwa wameiacha frigo ifichike, mmoja kwa woga, mmoja kwa hasira, na yeye kwa kutouliza, na mistari kumi na miwili ilitosha.

Alizifunga zile paneli yeye mwenyewe. Alipomaliza kukaza skrubu ya mwisho, alimwomba Geneviève amwonyeshe nyumba ya mmoja wa wale akina mama.

"Hawakuulizi kitu, dada. Wanajua ni barabara."

"Njo juu ya hiyo nataka kwenda."

Walipanda mwendo wa saa moja, kati ya mashamba ya mihogo na maharagwe. Mwanamke aliitwa Byukusenge. Binti yake aliyekufa alikuwa na miaka mitatu na jina lake Astrid. Walimkuta nyuma ya nyumba akimenya mihogo, mtoto mchanga amefungwa mgongoni. Geneviève aliwajulisha, akasogea pembeni.

Emérita alikuwa ameyapanga maneno njiani. Alikuwa ameyatafuta yasiyo na ruta wala protokoli, na alipofungua mdomo yalikuwa machache.

"Mama, ile siku walikurudisha bila chanjo, haikuwa barabara. Chanjo ilikuwa ku kituo. Iliharibika juu ya kosa yangu. Niligeuza mambo ya antene bila kuuliza, umeme ikakosa ku frigo. Kulikuwa mutu mwenye alijua. Aliniita niende anielezee. Sikuenda."

Kisu cha Byukusenge kilisimama.

"Ulikuwa mugonjwa?"

"Hapana."

"Barabara ilikuwa imefungwa?"

"Bado ilikuwa wazi."

"Alikuwa anakaa mbali?"

"Nusu siku. Na pikipiki."

Byukusenge akaitazama mikono yake iliyojaa utomvu wa mihogo. "Miye nilitoka hapa jogoo haijawika," alisema. "Na huyu ndani ya tumbo, na Astrid ku mugongo. Alilala njia yote. Kurudi, alikuwa anaimba."

Emérita alisubiri zaidi, tusi, kilio, lolote, lakini mwanamke alichukua muhogo mwingine akaendelea kumenya. Ganda lilitoka refu, likaanguka juu ya mengine.

"Sasa chanjo iko?" Byukusenge aliuliza.

"Iko. Na itakuwako."

"Huyu atimize miezi tisa kwanza. Nitamuleta." Alisema hivyo akimwelekea Geneviève, si yeye.

Geneviève akaitikia, akataja siku ya chanjo. Emérita alibaki amesimama, hajui kama anaruhusiwa kuaga. Akaaga. Byukusenge akaitikia kwa sauti ya chini bila kuinua uso, na wanawake wawili wakaanza kuteremka kilima, Geneviève mbele, kila mmoja akiangalia mahali pa kukanyaga.